Mtoto aliyeugua UVIKO-19 apimwe kabla ya kuitwa mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwasemee watoto walioambukizwa UVIKO-19, wakapona homa na kikohozi, lakini hawakurudi kuwa kama walivyokuwa.

Februari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza namna ya kuitambua hali hiyo, yaani athari za muda mrefu za UVIKO-19, kwa watoto na vijana: dalili huanza ndani ya miezi 3 tangu maambukizi, hudumu kwa angalau miezi 2, na huathiri shughuli za kila siku za mtoto. Uchovu, wasiwasi na kubadilika kwa uwezo wa kunusa ndizo dalili zilizotajwa kuwa nyingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao wasioambukizwa. Wapo pia wanaoumwa kichwa mara kwa mara, wanaopata kizunguzungu wakisimama, na wanaoshindwa kushika somo walilokuwa wakilimudu. Wengi hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, ingawa kwa mwanafunzi wa kidato cha nne miezi michache ni muda mrefu mno.

Ugumu wa huku kwetu ni kwamba uchovu wa mtoto una sababu nyingi. Anayesinzia darasani hapa Mwanza anaweza kuwa na malaria, kichocho alichokipata ziwani, minyoo, upungufu wa damu au selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu ulioenea sana katika Kanda ya Ziwa. Magonjwa hayo yana vipimo, na ni lazima yatangulie kupimwa, kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachothibitisha athari za muda mrefu za UVIKO-19. Kinachonisumbua ni yale yanayofuata majibu yakionyesha kuwa hana malaria, kwani mara nyingine mzazi hununua dawa mseto ya malaria hivyo hivyo, au mtoto hurudishwa shuleni akiwa ameshapewa jina la mvivu.

Huko shuleni ndiko anakozidi kuumia. Baadhi ya watoto hawa huonekana wazima wakati wa kazi, kisha huishiwa nguvu saa kadhaa baadaye au siku inayofuata. Alfajiri mtoto hukimbia mchakamchaka, mchana hukaa darasani, jioni hupandisha ndoo ya maji kwenye vilima vya mawe vya Mabatini au Igogo, na kesho yake hawezi kuamka. Anaandikwa mtoro. Akirudi anaadhibiwa kwa utoro huo, na adhabu yenyewe, ikiwa ni kufyeka au kukimbia, inamrudisha kitandani. Sisi walimu tunajua kwamba fimbo huwa karibu na mkono kuliko swali.

Sisemi kwamba kila mchovu ameathiriwa na virusi hivi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia vijana wa miaka 11 hadi 17, ulionyesha kuwa miezi 3 baada ya kupimwa, asilimia 66.5 ya waliokutwa na maambukizi walikuwa na angalau dalili moja, lakini hata kati ya waliokutwa hawana, asilimia 53.3 walikuwa nayo. Takwimu hizo zinatutaka tusikimbilie kutoa hukumu, wala hazifuti tofauti iliyopo kati ya makundi hayo mawili.

Wapo watakaouliza cheti cha kuthibitisha kuwa mtoto aliugua. Shule zilipofunguliwa tena Juni 29, 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya ugonjwa huo, ni wanafunzi wachache mno waliokuwa wamepimwa. WHO yenyewe inakubali maambukizi yanayodhaniwa kuwepo, hivyo historia ya mtoto na ya watu wa nyumbani mwake inaweza kumsaidia daktari.

Ninaziomba halmashauri za Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza ziwaelekeze walimu wa afya shuleni kumwita mzazi wa mtoto anayebadilika ghafla kabla ya kuandika adhabu, na zahanati zimuulize aliugua nini miezi iliyopita. Anayezimia au kuumwa kifua apelekwe hospitali mara moja. Daktari akiandika kwamba mtoto apumzishwe mchakamchaka, barua hiyo ikubaliwe, na arudishwe kwenye mazoezi kidogo kidogo kadiri mwili wake unavyoruhusu.

Mwalimu na mzazi,
Nyamagana, Mwanza