Kwa Mwalimu, kabla hujaingia studio

Mbeya

Kamwene, Mwalimu. Poleni na baridi ya huko Iringa.

Nimefurahi mno kusikia umekubali kukaa kwenye kile kipindi cha asubuhi, wasikilizaji wapige simu nawe ujibu mambo ya angani. Ungekataa, kiti kingekaliwa na mnajimu wa kutabiri bahati kwa nyota, na watu wangemwamini kwa kuwa ni yeye pekee waliyemsikia.

Redio haina ubao. Uongo husemwa kwa sekunde tano, kuubomoa kunataka dakika tano, na mtangazaji atakupa mbili kabla ya matangazo. Kwa hiyo usikimbizane na kila hoja. Chagua moja, anza na ukweli wenyewe, utaje uongo mara moja tu, kisha umpe msikilizaji kitu cha kupima mwenyewe uani kwake. Ukifungua na "si kweli kwamba dunia itaingia gizani", aliyewasha redio katikati anaondoka na "dunia itaingia gizani".

Na swali la giza litakuja, jiandae. Ule ujumbe wa WhatsApp wa giza la dakika sita dunia nzima, tarehe 2 Agosti, haufi kwa sababu una ukweli ndani yake. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Lakini kivuli cheusi cha mwezi ni mkanda wa kilomita mia mbili na ushee tu kwa upana: kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Uarabuni, hadi Somalia. Nje ya mkanda huo jua halizimiki. Kisha wakumbushe Rujewa, huku mkoani Mbeya, Septemba mosi 2016, mwezi ulipofunika katikati ya jua likabaki pete. Watu walifika pale mapema kwa sababu siku na saa vilishajulikana. Hesabu iliyowapeleka Rujewa ndiyo inayotoa tarehe ya 2027.

Atafuata wa "zima simu usiku, mionzi ya anga inapita". Mionzi hiyo, yaani chembe ndogo mno zinazotoka angani, haina zamu ya usiku. Mwanafizikia Victor Hess aliipima mwaka 1912 akiwa kwenye puto, zaidi ya kilomita 5 juu, akakuta inaongezeka kadiri anavyopanda. Usawa wa bahari, chembe moja hivi hupita kwenye kila sentimita ya mraba kila dakika. Mwambie msikilizaji aangalie ukucha wa kidole gumba: ndiyo hapo, sasa hivi, simu iwe imewashwa au imezimwa. Nyanda za juu kama kwetu hupita nyingi kidogo zaidi, na tumeishi nazo siku zote.

Wa dunia bapa usimkejeli. Ukimcheka, wasikilizaji watamhurumia yeye. Mpe fimbo ya mita moja. Karibu na tarehe 16 Oktoba jua la mchana husimama utosini hapa Mbeya, na fimbo iliyo wima haina kivuli. (Kwenu Iringa ni kama siku tatu kabla.) Siku hiyohiyo Mwanza kivuli kifupi kabisa ni sm 11. Hapa ndipo wengi hujikwaa, wanatangaza ushindi mapema, wakidhani tofauti hiyo pekee inatosha kuonyesha dunia si bapa. Mbishi mwenye akili atajibu kwamba dunia ni bapa ila jua liko karibu, na kwa vituo viwili yuko sahihi: jua lililo juu kilomita 6,300 lingetoa sm 11 zilezile. Ongeza kituo cha tatu, Cairo, ambayo iko karibu mstari mmoja na Mbeya na Mwanza. Kwa jua lake la karibu kivuli cha Cairo kingekuwa sm 68. Kwenye dunia ya mviringo kinatoka sm 81. Tofauti ya sm 13 inaonekana kwa rula ya shule.

Wanafunzi watakaopima kivuli wasitegemee saa ya ukutani. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, mashariki mwetu, hivyo jua hapa huchelewa. Mwezi huo kilele ni yapata saa 6:30. Wapime kila dakika tano kuanzia saa sita, wachukue kivuli kifupi kuliko vyote. Na fimbo ipimwe kwa uzi wenye jiwe, maana ikiinama nyuzi moja tu, kosa ni karibu sm 2, na kwa Mwanza hilo ni kubwa.

Anayesema ameona chombo cha ajabu, usimwambie hakuona. Muulize saa ngapi, upande gani, ngumi ngapi kutoka upeo wa macho (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10), na kama kilisogea. Kilichotulia magharibi baada ya jua kuzama, kiking'aa kuliko nyota zote, mara nyingi ni Zuhura. Kilichokwenda kimya dakika chache kikafifia katikati ya anga ni setilaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Msururu wa taa ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni.

Takwimu ziandike kwenye kadi moja, kwa herufi kubwa, na umwombe mtangazaji akupe neno la mwisho baada ya kila simu. Nijulishe siku ya kipindi mapema, nitafute shule ya Mwanza ya kupima nasi Oktoba.

Wako,
Rafiki yako wa Mbeya