Kuhusu kutweta kwako huko Kapchorwa

Mbale

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ila mvua tu. Barua yako niliisomea darasa langu la baiolojia, wakacheka sana kusikia mtu mwenye kitambi amehamia mlimani kufukuzana na vijana wa nyumbani kwa Cheptegei, yule bingwa wa mbio ndefu.

Unasema unaanza kuhema hatua za kwanza tu, hata jasho halijatoka, na umekwisha kujipa ugonjwa wa kukosa oksijeni. Hapana, ndugu yangu. Mtu mwenye afya akikimbia mwendo wa wastani, oksijeni na kaboni dioksidi katika damu itokayo moyoni hubaki karibu palepale. Pumzi hupanda kabla damu haijalalamika! Wanasayansi Krogh na Lindhard walilipima jambo hili huko Denmark wakaliandika mwaka 1913: kupumua kuliongezeka papo hapo, mapema mno kwa taka za misuli kufika kichwani kwa njia ya damu.

Anayetangulia ni ubongo. Kwenye shina lake, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna kikundi kidogo cha seli kinachopiga mapigo ya pumzi hata ukiwa usingizini. Kilitambuliwa mwaka 1991. Ubongo wa juu ukiiamuru miguu ikimbie, habari hufika na huko chini wakati uleule, kama mwenye nyumba anayemwambia mpishi aongeze unga siku ileile anapoalika wageni. Misuli na viungo navyo, vikianza tu kusogea, hupeleka taarifa kwa njia ya neva.

Kemia huja nyuma kusahihisha. Shina lenyewe hupima kaboni dioksidi, na vipokezi vya shingoni, vilivyompa mwanasayansi Heymans Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938, huchunguza oksijeni. Hivyo vya shingoni ndivyo vinavyokusumbua zaidi huko juu, maana hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa hiyo mwendo uleule utakutwetesha Kapchorwa kuliko Mbale. Na ukipanda kilima kwa pupa, misuli ikamwaga asidi, pumzi hufyatuka: kutoka lita 6 hivi kwa dakika ukiwa umekaa, hadi kupita 100. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Ila kifua kikibana au kikipiga filimbi, nenda kituo cha afya, usiningoje mimi.

Msalimie sana shemeji. Na ile kahawa uliyoahidi, mpe dereva yeyote wa matatu anayeshuka huku.

Ni mimi,
Mwalimu wako