Kabla hujatoka na kikosi cha moto

Mwanangu mpendwa,

Kamwene, baba. Huku nyumbani hatujambo, isipokuwa baridi imeshika kweli. Asubuhi sakitu, ile barafu nyembamba, inalala bondeni kote, na jua likitoka majani yaliyopigwa yanabaki makavu, yanavunjika ukiyakanyaga. Ndiyo maana nakuandikia sasa wala singoji mfunge chuo. Uliniambia kwenye simu kwamba mwaka huu moto ukitokea utatoka na kikosi chetu cha kijiji cha kuzima moto, umeshakuwa mtu mzima, na moto wa nyasi umeuona tangu utotoni. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Lakini hutatoka na kikosi kabla hujafundishwa, na nataka uelewe sababu, usije ukadhani ni huruma ya mama.

Wewe unajua kijiji chetu kilivyokaa. Ukipiga 114 watapokea, lakini gari la Zimamoto liko mjini, na barabara yetu unaijua. Hata likifika haliwezi kupanda kule vilimani kwenye miti. Shamba la miti la serikali la Sao Hill lina minara ya kuangalia moto na watu wake wa kuuzima, ila wana msitu mkubwa mno wa kulinda, na Septemba na Oktoba kila mtu anahangaika na kwake. Kwa hiyo rimu, ile ya gurudumu tunayoigonga kama kengele, ikigongwa pale ofisi ya kijiji, wanaokuja ni mwalimu, fundi baiskeli, vijana wa bodaboda, mama anayeuza vitumbua senta, na mimi. Hakuna anayelipwa. Ukiumia, jirani ndiye atakayekubeba.

Najua wapo wanaouliza kwa nini mtu akahangaike na miti isiyo yake. Hata wewe mwaka jana uliwahi kuniuliza. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukiungua, mara nyingi unachipua tena kwenye kisiki. Paina haichipui. Ikiwa changa gamba lake ni jembamba, na moto mkali ukiipitia imekufa, na jasho la miaka kumi la mwenye shamba limekwenda. Ada yako ya chuo imetoka kwenye paina za juu ya kisima. Zile paina zimesimama mpaka leo kwa sababu watu wasio na mti hata mmoja pale waliacha chakula mezani wakaja kupigana na moto usiku. Mimi siwezi kuwalipa. Ninachoweza ni kutoka nikisikia rimu.

Moto wenyewe huku kwetu karibu wote unawashwa na mtu. Anayeandaa shamba anachoma mabaki bila kumwambia jirani, mrina asali anaacha kijinga cha moto chini ya mzinga, mfugaji anataka majani mabichi yachipue mapema, na wengine, inasikitisha, ni ugomvi wa mipaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuchoma ovyo, na sheria ndogo za kijiji zina faini. Ila faini haizimi moto uliokwisha kuwaka.

Sasa nikueleze tunachofundishwa, maana ulisema moto wa nyasi hauna cha kujifunza.

Siku ya kwanza hakuna moto. Mnapewa kipigio, yaani ule mti mrefu wenye kipande cha mpira wa gari mwishoni, mnapangwa mstari kwenye uwanja wa shule, mnafundishwa kukitumia. Kila kijana anakiinua juu ya bega akapiga kwa nguvu, na kila kijana anasimamishwa. Ukipiga hivyo cheche zinaruka nyuma yako, unawasha moto wa pili huku unazima wa kwanza. Kipigio kinashushwa taratibu, kinakandamizwa juu ya ulimi wa moto mpaka unakosa hewa, kisha kinaburutwa kuelekea upande uliokwisha kuungua. Kushusha, kukandamiza, kuburuta. Mnarudia mpaka mikono inakufa ganzi. Inachosha, tena inaudhi, lakini usiku, moshi ukiwa machoni na moyo unakwenda mbio, mkono unafanya wenyewe kile ulichozoea. Nimeiona faida yake kwa macho yangu, ndiyo maana nasisitiza.

Kisha mnafundishwa kuusoma moto. Una kichwa, una mbavu, una mkia. Kichwani ndiko unakokimbilia kwa upepo au kwa mlima, na pale hasimami mtu. Mnaanzia mkiani, mahali palipokwisha kuungua, mnapanda nao mbavuni huku na huku mpaka kichwa kinakuwa chembamba. Ukikaa upande wa majivu, ukizidiwa una pa kurudi. Ukikaa upande wa majani ambayo hayajaungua, huna. Na mlima, mwanangu! Moto unapanda kilima upesi kuliko unavyokwenda tambarare, kwa sababu joto lake linakausha majani ya mbele kabla haujayafikia. Usikubali kamwe kutumwa juu ya moto unaopanda, awe nani anayekutuma.

Kabla mtu hajashika kipigio, kiongozi anauliza mambo manne na sharti mjibu kwa sauti. Nani anaangalia upepo? Tunaitana kwa nini, filimbi au simu? Tunatokea wapi? Tunakimbilia wapi penye usalama? Lisipojibiwa hata moja, hatuingii, hata kama paina za mwenyekiti zinaungua. Nimewaona watu wakilia kwa hasira wakizuiwa hivyo. Naiunga mkono amri hiyo kwa moyo wangu wote, maana mti unapandwa tena.

Na kuna saa za kungoja. Saa nane mchana, jua kali na upepo umeamka, mara nyingi kazi yetu ni kurudi nyuma mpaka kwenye barabara ya moto, yaani ule ukanda uliofyekwa ili moto usivuke, kuisafisha, na kuungojea hapo. Usiku umande ukishuka, moto unalala chini, ndipo tunauingia. Kuuwasha moto mwingine wa kwenda kupambana na ule mkubwa ni kazi ya kiongozi peke yake, tena akiwa ameangalia upepo na kila mtu yuko nyuma yake. Usije ukajaribu hilo kwa akili yako.

Mimi kwenye kikosi nashika daftari. Naandika kila anayeingia na kila anayetoka, nagawa maji ya kunywa, namtoa anayeanza kuyumba. Ukiniona nimekaa barabarani na kalamu unaweza kudhani nimepewa kazi nyepesi kwa sababu ya umri. Sikiliza. Kuna usiku moto ulikwisha tukahesabu watu, mmoja hayupo. Tukaita, kimya. Wenzake wakarudi ndani ya moshi, miti imeshaungua mizizi na mingine inaanguka bila kutoa sauti ya onyo, wakamtafuta korongo lote. Yeye alikuwa nyumbani kwake amelala. Alichoka, akaondoka, hakumwambia mtu. Alitulilia siku ya pili, na hatukumfukuza, lakini tangu hapo kanuni ni moja: hatoki mtu kwenye moto bila jina lake kukatwa kwenye daftari. Ukiwa mwanangu nitakukata jina vilevile kama wengine, na ukiondoka bila kuaga nitakusema mbele ya wote.

Kazi wanayoikimbia vijana ni ya asubuhi yake. Moto umezimika, watu wanataka kwenda kulala, na hapo ndipo tunapohitajika zaidi. Gogo linawaka kwa ndani, kisiki kinawaka kwenye mizizi chini ya udongo, na mchana upepo ukija kinatoa cheche upya. Tunapita mpaka wote, hatua kwa hatua. Unasogeza nyuma ya kiganja karibu na majivu, si kiganja chenyewe, kwa kuwa nyuma ya kiganja inahisi joto upesi na ukiungua bado unaweza kushika jembe. Penye joto unachimba, unamwaga maji kutoka pampu ya mgongoni, unakoroga na udongo mpaka kuwe tope la baridi, unahisi tena. Halafu siku zinazofuata tunawekeana zamu za kurudi kuangalia. Mioto mibaya huku mingi ni ile iliyodhaniwa imekwisha.

Kama unataka kuanza kusaidia kabla ya moto wowote, kuna barabara za moto. Tunazilima sasa hivi, majani hayajakauka yote, mita kumi kuzunguka mashamba ya upande wa kijito, na tunapogoa matawi ya chini ya paina ili moto wa ardhini usipate pa kupandia kileleni. Ukishapanda vileleni hakuna kipigio kitakachoufikia. Mtu anayefyeka kwa wiki nzima mwezi wa saba hapigiwi makofi, lakini kwangu huyo amefanya zaidi ya anayefika Oktoba na panga mkononi anapiga kelele.

Mafunzo ni wiki ya mwisho ya Julai, uwanja wa shule. Njoo na suruali ya jinzi au ya khaki na shati la pamba la mikono mirefu. Ile tracksuit yako iache, nailoni ikipata joto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Viatu viwe vya ngozi. Buti za baba yako zipo, nimezipaka mafuta, nadhani zitakutosha ukivaa soksi mbili. Leo jioni naonana na kiongozi, kwa hiyo nijibu kabla ya magharibi chuo kinafunga tarehe ngapi, ili akuandike jina kabla nafasi hazijajaa.

Dada yako anakusalimu, anasema na yeye ameshajiandikisha.

Mama yako