Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: vibao vya nambari vya magari ya kale

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA),
Nairobi.

MINT: OMBI LA KANUNI KUHUSU VIBAO VYA ZAMANI VYA NAMBARI KWENYE MAGARI YA KALE

Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mmiliki wa Peugeot 404 iliyosajiliwa humu nchini katika miaka ya sitini, na pia ni mkusanyaji wa vibao vya zamani vya nambari za magari. Ninaiomba Mamlaka unayoiongoza itunge kanuni itakayomruhusu mwenye gari la kale kuendelea kulivalisha kibao chake cha awali, na itakayoeleza bila utata ni kibao gani cha zamani kinachoweza kurudi barabarani na ni kipi kinachopaswa kubaki ukutani. Nimeamua kuiandika barua hii hadharani kwa sababu wenye magari ya aina hii wametawanyika kote nchini, wengi wao hawamo katika chama chochote, na kila mmoja anaamua peke yake afanye nini na kibao alichokirithi.

Sipingi vibao vya kizazi kipya, vile vyenye alama za usalama. Tangu vilipozinduliwa mwezi Agosti 2022, hoja ya kuvitetea imekuwa ya haki: vibao vilivyotangulia vilikuwa rahisi kughushi, kiasi kwamba gari la wizi liliweza kutembea mchana kweupe likiwa limebandikwa nambari ya gari jingine la aina na rangi ileile, na polisi asiwe na njia ya kulitambua kwa macho. Mwenye matatu au pikapu ya kazi hana sababu ya kulilia kibao chake cha zamani. Tatizo ni kwamba mpango wa kubadilisha vibao vyote, ukitekelezwa jinsi ulivyotangazwa, hauoni tofauti kati ya Probox iliyoingia bandarini juzi na Land Rover iliyokuwa ikipanda vilima vya Molo kabla ya Uhuru. Gari la kwanza halipotezi chochote kwa kubadilishiwa kibao, ilhali la pili hupoteza sehemu yake ya asili ambayo hakuna fundi atakayeweza kuirudisha.

Kibao ninachokizungumzia ni kile cheusi chenye herufi nyeupe au za rangi ya fedha, ambazo mara nyingi zilikatwa moja moja na kupigwa ribiti juu ya bati. Mpaka mwaka 1989, nambari ya gari la Kenya ilikuwa herufi tatu zikifuatwa na tarakimu zisizozidi tatu; ndipo mfululizo ulipoanza upya kutoka KAA, na herufi moja zaidi ikaongezwa mwishoni. Kwa anayejua, gari lililosajiliwa kabla ya hapo hujitambulisha lenyewe kutoka mbali. Kwa asiyejua, huzua maswali. Nimewahi kuulizwa na afisa kijana kwenye kizuizi cha barabarani herufi ya mwisho ya gari langu imedondokea wapi, na ingawa tuliagana kwa kicheko sikuweza kumlaumu, kwa kuwa sikuwa na waraka wowote wa serikali wa kumwonyesha unaosema kwamba kibao kile ni halali na kiko hivyo kwa sababu ya umri wake.

Huenda mtu akauliza kwa nini serikali ijishughulishe na bati kuukuu. Nchi hii ina historia ya magari ambayo mataifa mengi tajiri yanaionea wivu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Volvo PV544 ndiyo iliyowapa ushindi Joginder Singh na nduguye Jaswant mwaka 1965, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda ya kwanza na ya mwisho kati ya hizo nne, na katika miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ndiyo maana familia nyingi za Kenya zilinunua 404, halafu 504. Leo mashindano ya umaridadi wa magari ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, huwaleta wageni wanaolipa hoteli, mafundi na bima ili waje kuyatazama au kuyaendesha magari haya. Mtu anayetumia miezi akitafuta taa halisi ya nyuma ya gari la mwaka 1964, kisha akalazimika kulifunga kibao kilichotengenezwa juzi Gereza la Kamiti, anajua kwamba kuna kitu kimekaa upande.

Sasa niingie katika kiini cha barua hii, kwa kuwa wenzangu wengi hutoa pendekezo ambalo mimi siliungi mkono. Wanasema tuige Marekani. Huko, majimbo mengi yana utaratibu unaomruhusu mwenye gari la kale kununua kibao halisi cha mwaka uleule gari lilipotengenezwa, hata kama kibao hicho hakijawahi kufungwa kwenye gari hilo, na kukipeleka katika ofisi ya usajili ya jimbo. Ofisi hukagua kama kibao ni halisi na kama nambari yake haitumiki na mtu mwingine, kisha huiandika kuwa nambari ya gari hilo. Kwa California, mwenye Mustang ya mwaka 1965 hutafuta kibao cheusi chenye maandishi ya manjano, kilichoanza kutolewa mwaka 1963. Biashara ya vibao hivyo ni kubwa, na wakusanyaji wana chama chao, ALPCA, tangu mwaka 1954. Hata vibao vya Illinois vya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vilivyotengenezwa kwa nyuzi za soya kwa sababu chuma kilikuwa adimu, bado vina wanunuzi, hasa kwa vile vingi viliishia matumboni mwa mbuzi.

Utaratibu huo unawafaa Wamarekani kwa sababu ya jinsi nambari zao zinavyofanya kazi. Kwa miongo mingi majimbo yao yalitoa vibao vipya karibu kila mwaka, na gari likiuzwa au kuhamia jimbo jingine, nambari inaweza kubadilika bila mtu kushtuka. Kibao cha mwaka uliopita kilikuwa risiti iliyokwisha muda. Nchini Kenya, kama Uingereza tuliyorithi mfumo huu kwake, nambari kwa kawaida hufungamana na gari tangu siku ya kusajiliwa hadi siku ya kukatwa vyuma. Gari hubadilisha wenyewe mara saba, likahama kutoka Kisumu hadi Malindi, likapakwa rangi nyingine na kuwekewa injini nyingine, lakini nambari inabaki ileile. Kwa hiyo kibao cha zamani kinachookotwa katika soko la Gikomba hakiwi kitu huru. Kina gari lake, liwe hai au limekufa, na nikikifunga kwenye 404 yangu kwa sababu tu ni cha miaka ileile, nitakuwa nimefanya kile kile ambacho vibao vya kizazi kipya vililetwa kukizuia. Ninaomba Mamlaka ilikatae pendekezo hilo kwa uwazi, hata kama litaletwa na watu wenye nia njema na magari ya kupendeza.

Mfano unaotufaa zaidi uko Uingereza. Sheria yao inaruhusu kibao cheusi cha mtindo wa zamani kwa gari lililotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980, mradi liwe limeingizwa katika kundi la magari ya kihistoria. Juu ya hayo, wanao utaratibu wa kurudisha nambari iliyopotea. Walipohamisha rejista za kaunti kwenda kwenye kompyuta, waliweka mwisho wa kujiandikisha kuwa Novemba 1983, na magari yaliyokuwa yamelala kwenye maghala ya mashambani yakapoteza nambari zao kwa sababu wenyewe hawakusikia tangazo au hawakujali. Baadaye ilibidi serikali itengeneze njia ya kuyarudishia: mwombaji huleta ushahidi wa maandishi wa wakati ule unaounganisha nambari ile na chesisi ile, chama cha magari ya kale kinachotambuliwa hukagua gari na kulithibitisha, na nambari ikirudishwa haiwezi tena kuhamishiwa gari jingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloua biashara ya ulaghai, maana nambari isiyoweza kuuzwa peke yake haina faida kwa mlaghai.

India nayo, mwaka 2021, ilitoa kanuni za magari yaliyotimiza umri wa zaidi ya miaka 50, ikayatengea nambari mpya zenye herufi VA na kuyaruhusu yaliyokwisha kusajiliwa yabaki na nambari zao. Nampongeza aliyefikiria sehemu ya pili. Ile ya kwanza inayafaa magari yanayoingia nchini sasa, lakini kwetu haina haraka.

Ninachopendekeza, basi, ni hiki. Gari lililosajiliwa Kenya kabla ya mfululizo wa mwaka 1989, ambalo nambari, chesisi na kitabu chake cha usajili vinalingana katika mfumo wa Mamlaka, liruhusiwe kuandikishwa kuwa gari la kale baada ya kukaguliwa mara moja. Likishaandikishwa, liwe na kibao chake cha zamani mbele na kibao cha kizazi kipya chenye nambari ileile nyuma. Najua baadhi ya wenzangu watanikasirikia kwa kukubali kibao kipya hata nyuma. Lakini kibao cheusi hakiakisi mwanga usiku, lori linalokuja nyuma kwenye mteremko wa Salgaa halina habari na historia, na polisi anayetaka kuthibitisha gari atapata alama za usalama anazozihitaji bila kuniomba nishuke. Picha nyingi hupigwa kutoka mbele, na mbele ndiko gari linakoonyesha sura yake. Gari lililoletwa kutoka nje hivi karibuni, hata liwe la mwaka 1955, lisipewe nambari ya gari jingine la zamani. Libaki na nambari yake ya sasa, na kama ni lazima, liruhusiwe kuiandika kwa mtindo mweusi kwenye kibao cha mbele, kwa idhini ileile.

Kwa magari yaliyopoteza nambari zao, kwa mfano yaliyosajiliwa upya kimakosa au yaliyofutwa kwenye rejista yakiwa yamesimama, ushahidi uwe wa wakati ule: kitabu cha usajili cha awali, cheti cha bima, picha ya familia inayoonyesha gari na nambari yake. Hapa ninaomba jambo lililo ndani ya uwezo wa ofisi yako hata kabla ya kanuni yoyote kuchapishwa, nalo ni kwamba majalada ya karatasi ya rejista ya zamani yasiharibiwe baada ya kuingizwa kwenye kompyuta, bali yakabidhiwe Idara ya Kitaifa ya Nyaraka. Uingereza ilipoteza rejista za kaunti kadhaa kwa namna hiyo, na zilizosalia ndizo zinazotegemewa leo kuthibitisha maombi.

Limebaki suala letu wakusanyaji. Vibao vya magari yaliyokwisha kufa viko kwa wauza vyuma chakavu, kwenye magereji ya Barabara ya Kirinyaga na nyumbani kwa wazee waliowahi kuwa madereva. Pamoja navyo hupatikana vile vya umbo la yai vyenye alama ya EAK, ambayo bado ndiyo alama yetu ya kimataifa. Kuvikusanya si kosa, lakini kwa sasa mkusanyaji hana njia ya kuonyesha kwamba anavyo kwa nia njema, na muuza vyuma akiogopa huvitupa kwenye tanuri. Pendekezo langu ni fomu fupi kwenye mfumo wa eCitizen, ambako mkusanyaji ataandika nambari za vibao alivyonavyo. Nambari ambayo gari lake bado liko hai itaonekana papo hapo, na kibao hicho kirudishwe kwa mwenyewe au kwa Mamlaka. Nyingine ziwekwe alama kwamba kibao kiko kwenye mkusanyiko na hakiruhusiwi barabarani. Mimi niko tayari kuanza na vya kwangu. Naomba pia kwamba mwenye gari la kale anapochukua vibao vipya, kama atatakiwa kurudisha vya awali, aruhusiwe kubaki navyo vikiwa vimetobolewa tundu la kuvifuta, badala ya kusagwa.

Kanuni za namna hii haziwezi kutungwa bila kushirikisha umma, kwa mujibu wa Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013. Ninaiomba ofisi yako itangaze rasimu, itoe muda wa kutosha wa maoni, na hadi hapo itoe waraka kwa polisi wa trafiki na kwa wakaguzi kwamba magari yaliyosajiliwa kabla ya mwaka 1989 yasilazimishwe kukabidhi vibao vyake vya awali.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari la kale na mkusanyaji wa vibao vya nambari,
Nakuru.