Kwa rafiki yangu mchomeleaji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Barua yako imenifikia pamoja na picha za sanamu ya korongo, nami sikutaka kukujibu harakaharaka, kwa sababu uliloniuliza si jambo dogo. Unataka kujua kama umefika wakati wa kuachana na mageti, ngazi na mapaa ili ujitolee kwa sanaa ya vyuma peke yake. Jibu langu ni kwamba usiache. Sanamu ziendelee, tena kwa bidii kuliko sasa, lakini zijengwe na mkono uleule unaochomelea ngazi ambayo watu wataipanda kila siku bila kuiwazia.

Umeniandikia kwamba wasanii wanakuona fundi tu, na mafundi nao wanakuona mwanamke anayechezea vyuma chakavu. Maneno hayo yameniuma, kwa maana pande zote mbili hazijui sanaa hii ilikotoka. Julio González, Mhispania anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sanamu za chuma za kuchomelea, alijifunza kuunga vyuma kwa gesi akiwa kazini katika kiwanda cha Renault nchini Ufaransa mwaka 1918, na ujuzi huo wa kiwandani ndio ulioingia baadaye katika sanamu zake mwenyewe na katika zile alizomsaidia Picasso kuziunda kuanzia mwaka 1928. Kwa upande wetu wanawake yupo Sokari Douglas Camp, mzaliwa wa Buguma nchini Nigeria mwaka 1958, aliyejijengea jina kwa chuma cha kuchomelea. Mwaka 2006 aliunda basi zima la chuma kwa kumbukumbu ya Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa mazingira wa Nigeria, na lilipopelekwa Nigeria mwaka 2015 maofisa wa forodha walilizuia bandarini. Huwa nalikumbuka basi hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba kazi ya mwanamke kwenye vyuma ni mapambo ya bustani.

Sasa nirudi kwa korongo wako. Mabawa yamenifurahisha mno, hasa jinsi ulivyoipanga minyororo ya baiskeli ikapungua unene kuelekea ncha, hata ukiitazama unaona manyoya. Lakini jicho langu lilishuka moja kwa moja hadi kwenye kifundo cha mguu, mahali ambapo uzito wote wa ndege, pamoja na upepo utakaoyapiga mabawa hayo, utakutana katika mshono mmoja mfupi wa kuchomelea. Umeandika kwamba mguu umeutengeneza kwa chuma cha springi ya gari, nacho kina kaboni nyingi: ukikichomelea kikiwa baridi, kisha ukakiacha kipoe ghafla, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, wewe ukiwa umekwisha kukabidhi kazi. Kipashe moto kwanza, tumia elektrodi za 7018 (vijiti vya kuchomelea vya aina isiyotoa hidrojeni nyingi) zilizohifadhiwa pakavu, kwa sababu unyevu ulioingia katika ganda lake hutoa hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo huleta ufa wa aina hii. Ukimaliza, ufukie mshono ndani ya majivu au mchanga mkavu upoe polepole. Haya yote hukuyajua kwa kupitia vitabu vya sanaa. Umeyaona kwenye karakana, ukiwa nyuma ya kioo cheusi, ukikitazama kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka jinsi kingo zake zinavyoshika pande zote mbili, jinsi slagi, yaani taka ya ganda la elektrodi iliyoyeyuka, inavyotaka kukitangulia, na jinsi sauti inavyobadilika mkono unapokwenda mbali mno. Msanii asiyekisoma kidimbwi hicho atalazimika kumwajiri mtu wa kumsomea, na sura ya kazi yake itategemea uvumilivu wa huyo mtu.

Ndiyo maana nakusihi ufanye mtihani wa cheti cha uchomeleaji ambao umekuwa ukiuahirisha. Kipande cha majaribio hukatwa na kupindwa mbele ya mkaguzi, naye anachotafuta ni kasoro za mshono tu. Kwa mwanamke cheti hicho kina faida ya pekee, kwa sababu mteja anayetilia shaka mikono yako anaonyeshwa karatasi na mazungumzo yanahamia kwenye kazi yenyewe. Tena sanamu ya kuwekwa mahali pa wazi, ambapo watoto wataiparamia, mwenye eneo atataka kujua ni nani aliyeiunga na kwa uwezo gani.

Kuhusu afya nitakuwa mkali kidogo. Waya wa mabati ulioutumia kwenye kiota cha korongo una zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, yaani kabla chuma chenyewe hakijakaribia kuyeyuka. Ile homa na baridi uliyoipata usiku ilitokana na moshi huo. Ikwangue zinki yote sehemu ya kuungia, na ufanye kazi hiyo penye hewa ya kutosha. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa ya kuchuja moshi si jambo la kungojea hadi upate kazi kubwa. Na usikubali tena glavu zinazokupwaya kwa sababu eti ndizo zilizopo. Vidole vikielea ndani ya glavu huwezi kuishika elektrodi sawasawa, halafu mshono ukienda kombo lawama inakuwa yako.

Bei uliyompa yule mteja wa korongo ni ndogo. Umehesabu vyuma na elektrodi, ukasahau saa za kusaga na kusafisha kwa grenda, mawe yake yanayokwisha, umeme, usafiri, na muda mrefu uliokaa ukichora kabla ya kukata chochote. Kwa geti unajua kulipisha. Tumia hesabu hiyohiyo kwa sanamu, kisha uongeze thamani ya ubunifu. Makubaliano yaandikwe, na malipo ya awali yapokelewe kabla ya kuwasha mashine.

Jambo la mwisho: tumbo la korongo ni uwazi mtupu, na maji yatapata njia ya kuingia. Toboa tundu upande wa chini kabisa, sehemu isiyoonekana, ili yatoke na yasiozeshe chuma kwa ndani. Usipake rangi kabla hujanitumia picha ya kile kifundo kilivyo baada ya kukirudia, iliyopigwa kwa karibu na penye mwanga, slagi yote ikiwa imeondolewa.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.