Nyoka wa shaba aliyevunjwa na Hezekia

Tanga

Ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini Wayahudi ni wakali juu ya sanamu kuliko karibu dhambi zote nyingine. La pili, ambalo nadhani ndilo lililokukaa moyoni, kama nyinyi Waislamu nanyi wanawahesabu kuwa waabudu sanamu. Habari hizi nimezisoma kwa muda sasa na zimenishika kweli kweli, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Kisa cha Ibrahimu kuvunja masanamu umekijua tangu chuoni, kimo katika Surat Al-Anbiyaa. Wayahudi nao wanacho, ila hakimo ndani ya Torati. Kimo katika masimulizi ya marabi, yaani walimu wa dini yao. Tera, baba yake Ibrahimu, ni muuza sanamu. Anamwachia mwanawe duka, mwana anayavunja yote, kisha fimbo anaiweka mkononi mwa lile kubwa, kana kwamba ndilo lililoyavunja mengine. Ni kisa kizuri, lakini ukiishia hapo utadhani mwabudu sanamu ni mjinga tu asiyejua kwamba jiwe halisikii. Marabi wenyewe hawakuridhika na jibu jepesi namna hiyo.

Msikilize Musa bin Maimun, aitwaye pia Maimonides, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Katika kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, kabla hajataja katazo hata moja juu ya sanamu, anasimulia kosa lilivyoanza. Anasema lilianza siku za Enoshi, mjukuu wa Adamu, na watu wa wakati ule walimjua Mungu vizuri. Walijiambia hivi: nyota Mungu ndiye aliyeziumba, akaziweka juu, akazipa utukufu, basi na sisi yatupasa kuzitukuza, maana mfalme hupenda kuona watumishi wake wakiheshimiwa. Wakazijengea mahekalu, wakazitolea sadaka. Baadaye wakatokea manabii wa uongo wakidai kwamba Mungu mwenyewe ameagiza nyota fulani iabudiwe, na sura yake ni hii. Vizazi vikapita. Watu wakabaki wanajua mti na jiwe tu, na makuhani nao wakaamini kwamba juu ya nyota hakuna kitu. Jina la Mungu likapotea midomoni mwa watu, isipokuwa wachache sana.

Sasa irudie hatua ya kwanza, Salimu. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumwacha Mungu. Walianza kwa adabu, na kwa kutaka kumpendeza. Tangu nisome maneno yale nimeacha kuwadharau watu wa kale.

Jambo hilohilo limo ndani ya Biblia, mahali ambapo mimi nilipapita mara nyingi bila kusimama. Wana wa Israeli waliumwa na nyoka jangwani. Mungu akamwamuru Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama alipona. Sheria ikataze sanamu, halafu Mungu aagize moja! Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, inauliza: je, nyoka yule ndiye aliyeua, au ndiye aliyehuisha? Inajibu kwamba Waisraeli walipoinua macho juu na kuinyenyekeza mioyo yao mbele ya Baba yao wa mbinguni, ndipo walipopona. Kitu chenyewe hakikuwa na nguvu yoyote.

Lakini kilihifadhiwa, na nani asingekihifadhi? Karne zikapita, hadi Hezekia akawa mfalme wa Yuda na kukuta watu wanakifukizia uvumba. Akakivunja vipande vipande. Fikiri alichovunja: kazi ya mikono ya Musa, iliyofanywa kwa amri ya Mungu, iliyookoa maisha ya watu. Naamini wapo waliolia siku ile, na walilia kwa imani ya kweli. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, inasema wenye hekima waliafikiana na mfalme. Kwangu mimi hapa ndipo katazo lote linapoonekana lilivyo zito. Halimlindi mtu dhidi ya miungu ya majirani pekee. Linafika mpaka kwenye vitu vyake mwenyewe vilivyo vitakatifu, vile ambavyo mkono husita kuvigusa.

Usidhani kwamba waliogopa kila sura ya mtu. Rabani Gamalieli, mmoja wa marabi wakubwa, alikuwa akioga katika hamamu ya Aphrodite katika mji wa Akko, sanamu ya mungu huyo wa kike ikiwa imesimama palepale. Mpagani mmoja akamuuliza vipi. Akamjibu kwamba si yeye aliyeingia kwake, huyo Aphrodite ndiye aliyeingia hamamuni. Hamamu haikujengwa kumpamba, yeye ndiye aliyewekwa kuwa pambo la hamamu. Na katika sakafu ya sinagogi la kale la Beth Alpha, chini ya mlima Gilboa, jua limechorwa kwa vijiwe vya rangi likiendesha gari la farasi. Walichouliza ni mtu anakitendea nini kitu kile.

Ila penye ibada yenyewe hawakulegeza. Marabi walikutana katika mji wa Lod wakaamua kwamba Myahudi akilazimishwa kuvunja sheria ama auawe, avunje aishi, isipokuwa katika mambo matatu: kuabudu sanamu, uzinzi ulioharamishwa na kumwaga damu. Na haya watu walikuwa wameshayaishi kabla hayajaamuliwa. Mwaka 40 kaisari Kaligula alitaka sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Maelfu wakamwendea Petronio, liwali wa Shamu, katika Akko hiyohiyo, wanawake na watoto wakiwemo, bila silaha, wakasema wauawe wao kwanza. Majira ya kupanda yakafika, mashamba yakaachwa. Petronio akachelewesha amri kwa kuhatarisha shingo yake. Januari mwaka 41 Kaligula akauawa Roma, na sanamu haikusimama.

Kisa kingine nakupa kwa sababu nakipenda. Rav Ashi, mwalimu mkubwa wa Babeli, aliwaambia wanafunzi kwamba kesho wataanza somo na "wenzetu", akimaanisha wafalme walioabudu sanamu. Usiku mfalme Manase akamjia ndotoni, naye ni mwana wa Hezekia yuleyule. Umeniita mwenzako? Haya niambie, mkate ukibarikiwa humegwa upande gani? Rav Ashi hakujua, Manase akamfundisha. Rav Ashi akamuuliza: kwa elimu yote hii, kwa nini uliabudu sanamu? Manase akamwambia: ungekuwepo zama zile, ungepandisha pindo la kanzu yako ukakimbia kunifuata.

Sasa swali lako la pili. Mtu mmoja aitwaye Obadia, aliyeongoka na kuingia dini ya Kiyahudi, alimwambia mwalimu wake kwamba Waislamu si waabudu sanamu. Mwalimu akamwita mpumbavu. Obadia akamwandikia Maimonides. Kumbuka Maimonides ni mtu ambaye jamaa yake waliihama Cordoba kwa mateso ya watawala Waislamu. Alikuwa na sababu ya kuwa na uchungu. Lakini alijibu kwamba wana wa Ishmaeli si waabudu sanamu kamwe, wanampwekesha Mungu upweke usio na dosari. Na mtu akisema nyumba wanayoielekea, yaani Al-Kaaba, ilikuwa na masanamu zamani, basi na iwe; leo wanaosujudu kuielekea, mioyo yao iko mbinguni. Tena akasema mwalimu yule ametenda dhambi kubwa kwa kumhuzunisha Obadia, na amwombe radhi ingawa ni mwanafunzi wake.

Wewe uliwahi kunisimulia maneno ya Umar mbele ya Jiwe Jeusi, kwamba anajua ni jiwe tu lisilodhuru wala kunufaisha, na asingelibusu kama asingemwona Mtume akilibusu. Nataka kujua masheikh wenu wanayaelezaje, na kama wanayataja pamoja na habari ya ule mti wa bai'a, yaani kiapo cha utii kwa Mtume, unaosimuliwa kwamba Umar aliamuru ukatwe. Ukionana na ami yako uniulizie, kisha uniandikie yote, usifupishe.

Wako,
Yona