Bwana Heri hakuwa msindikizaji wa Abushiri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, mengi nimeyaacha yapite, lakini ile makala yenu ya Saadani imenishinda. Kurasa mbili nzima ni tembo wanashuka ufukweni, simba, kasa, bei za kulala, halafu Bwana Heri bin Juma mkamtupia sentensi moja eti alikuwa mfanyabiashara wa hapo aliyemsaidia Abushiri, yule kiongozi wa vita vya pwani, kupigana na Wajerumani. Basi, mtu na vita vyake vyote kaishia hapo.

Huo ufanyabiashara wenyewe hamkuueleza. Saadani ni kijiji lakini kinatazamana na Unguja, na misafara ya Wanyamwezi ilikuwa inateremka mpaka pale na pembe za ndovu, inarudi bara na vitambaa vya merikani, shanga na baruti. Bwana Heri ndo alikuwa kaushika huo mlango, anaelewana na Wazigua wa nyuma yake na Wanyamwezi wa mbali. Sisemi alikuwa malaika, misafara ya zama zile ilibeba pembe na ilibeba watumwa pia, na hilo nalo liandikwe. Ila mtu wa namna ile haingii vitani kumsindikiza mwenzake. Jeshi la Sultani wa Unguja alishalipiga 1882, yaani miaka sita kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao Pangani.

Sasa tuje kwenye hivyo vita maana hapa ndipo mliponiudhi hasa. 1888 Sultani Khalifa anaikabidhi kampuni ya Kijerumani ushuru wa pwani yote, mtu kama Bwana Heri anaambiwa forodha si yako tena, unategemea akae kimya? Juni 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaipiga Saadani kwa mizinga, mji ukaungua, mzee akarudi nyuma porini akajenga boma la magogo Mlembule na kuendelea kupigana. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, Mungu amrehemu, na vitabu vingi vinafunga ukurasa hapo hapo, kama na nyie mlivyofunga, wakati Bwana Heri bado yupo msituni na watu wake na bunduki zao! Januari 1890 ikabidi Wissmann aende tena na mizinga mpaka Mlembule, boma likaanguka, na bado mzee hakuja kujisalimisha, akaenda kujenga jingine huko mbele. Mpaka Aprili 1890 ndo akakubali kuweka silaha chini, na kilichomleta ni njaa, watu wake hawana chakula. Wissmann akamwachia arudi kuijenga Saadani, maana alijua bila yule mzee watu hawarudi na biashara hairudi. Huyo ndo mnamwita msaidizi? Msaidizi gani anaendelea na vita miezi minne baada ya mkubwa wake kunyongwa?

Na hili haliishii kwenye magazeti. Mjukuu wangu yuko sekondari, nilimsimulia habari hii jioni moja akaielewa vizuri, kwenye mtihani akaandika kwamba vita viliendelea 1890 chini ya Bwana Heri. Karudi na karatasi ina alama nyekundu ya mkasi imekata jibu lote, pembeni mwalimu kaandika "fuata notisi". Nikazisoma hizo notisi, ni fotokopi imefifia, sababu za kushindwa namba moja silaha duni, namba mbili kukosa umoja, mistari ile ile wanayoandikiwa Majimaji na ile ile wanayoandikiwa Mkwawa, wanabadilisha jina tu. Mtoto analia na mimi sina la kumwambia maana gazeti nalo linasema vile vile kama notisi. Jamani, watoto wanakaririshwa kushindwa, hakuna anayewaambia watu hawa walikula nini, waliuza nini, kwa nini waliamka kupigana.

Ninachotaka ni hiki. Masahihisho yatoke kwenye ukurasa ule ule wa makala, kwa herufi kubwa zile zile, sio kule chini karibu na matangazo ya viwanja. Pili, wahusika waweke kibao cha saruji pale kijijini Saadani, sio cha bati maana chumvi ya bahari inakula bati, kiandikwe Kiswahili kwanza: jina lake, biashara yake, 1882, 1889, Aprili 1890. Kiwekwe njia wanayopita watoto wa shule, wageni wa hotelini watakisoma wakipita. Saruji mifuko miwili naitoa mimi, na fundi wa kuchonga herufi nitamleta mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga